Bangili za Kabatini

Mimi Mama Sifaeli nimezaliwa Mkanyeni, nimeolewa Mkanyeni, na tangawizi yangu naichimba kwenye mteremko wa Kiruru, jirani na shamba la Mama Nakijwa. Kwa hiyo asije mtu wa bondeni akanisimulia yaliyotokea huku juu. Niliyaona, na mengine niliyashika kwa mkono huu.

Siku Nakijwa aliporudi na gari la Tume ya Mawimbi, kijiji kizima tulitoka. Mtoto wetu, injinia! Juzi tu alikuwa anakimbia na kamasi puani, leo anashuka na masanduku yanayowaka taa. Mama yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, mimi nikampokea nikaendelea, maana shughuli ya mwenzio ni yako.

"Shikamoo, mama mdogo," Nakijwa akaniambia, akanishika mkono na kunivisha bangili.

Jamani, bangili! Nyeusi, nyepesi, ina kioo kidogo kama ukucha wa dole gumba. Ukikigusa, picha inatembea na sauti inatoka, utadhani umevaa televisheni. Kila mwanamke anayelima Kiruru alipewa ya kwake. Tukaambiwa tukae nazo kama kawaida yetu, na baada ya msimu Tume itaangalia zimepokea mawimbi vipi.

Sasa hiyo kawaida ndiyo iliyotuponza. Kawaida ya nani? Mkanyeni kitu kizuri hakiendi shambani. Rimoti inakaa ndani ya nailoni yake mpaka nailoni inapauka. Viatu vipya vinasubiri kanisa. Vikombe vya wageni vina kabati lao la vioo, vimekaa juu ya kitambaa cha kufuma, na mtoto akivigusa atajua kwa nini nimezaa. Mimi ile bangili niliivua siku ile ile. Nikaifuta, nikaiweka kabatini katikati ya birika la harusi yangu na sahani za maua. Ikapendeza kweli. Wenzangu nao wakafanya hivyo hivyo, wala hatukuambizana. Nani angeipeleka kwenye matope?

*

Mjue kwanza habari ya mnara. Kampuni za simu zilishang'oa minara yao zamani, zikasema milima haina faida. Ukabaki mnara mmoja wa televisheni pale juu ya kanisa, na masafa mamoja tu. Masafa mengine yote yamechukuliwa na yale magari yasiyo na dereva kule tambarare. Na kwenye hayo mamoja kulikuwa na mifumo miwili inayogombana, Paa na Njia.

Paa unapokelewa kwa antena ya juu ya bati na king'amuzi ndani. Una picha pana kiasi kwamba shuleni wamepaka ukuta mzima rangi ya nuru, na ukuta wote ukawa kioo. Walimu wa kuja huku waliisha siku nyingi, kwa hiyo ukuta ndio mwalimu. Njia ni huo wa bangili. Picha yake ni ndogo, lakini inakufuata hata ukiwa nyuma ya mwamba na mzigo kichwani.

Nilimuuliza Nakijwa kwa nini wasitoe mfumo mmoja unaofanya yote mawili. Akacheka.

"Mama mdogo, mawimbi huku yanagonga milima yanarudi, kama mwangwi. Paa ni mtu anayesoma harakaharaka, anasema mengi, ila msikilizaji atulie kitini. Njia anasema polepole na kurudia rudia, ili hata mpita njia aliyekosa mwanzo aupate mwisho. Pumzi ni ile ile moja. Ukiitumia huku, kule huna."

Wakati wa majaribio walikuwa wanapeana zamu. Asubuhi Paa, watoto wasome. Alasiri Njia. Baada ya hapo kila wilaya ilitakiwa kuchagua mmoja, na vifaa vya mwingine vigeuke takataka. Wafugaji wa tambarare walichagua Njia. Wa pwani wakachagua Paa. Ukivuka mto kutoka kwa hawa kwenda kwa wale, kifaa chako kinakufa mkononi. Eti hayo ndiyo maendeleo.

Basi majibu yakaja. Mtambo wa Tume ukasema bangili za Mkanyeni zilipokea vizuri ajabu, na kwamba karibu zote hazikutikisika msimu mzima. Watu wa mlima hawatembei, ukasema. Wapewe Paa.

Tulicheza! Mama Nakijwa, mwenyekiti wa kamati ya shule, alilia kwa furaha. Mwanamke yule hakuwahi kuketi darasani utotoni. Ukuta ulipokuja, alianza kwenda kila asubuhi kabla ya shamba, na mvi zake, akikaa benchi la mwisho nyuma ya wajukuu wa watu. Pale ndipo alipojua kusoma. Siku aliposoma jina lake mwenyewe alikuja mbio kwangu na jembe mkononi, nikadhani kuna msiba.

*

Nakijwa alikuja kuniaga. Mgeni wa heshima hanywi chai kwenye kikombe cha plastiki, kwa hiyo nikafungua kabati.

Alikuwa anacheka jambo fulani, mara akanyamaza. Nikageuka. Alikuwa anaitazama bangili pale kwenye kitambaa.

"Mama mdogo, hii huwa unaivua ukirudi?"

"Kuivua? Mwanangu, sijaivaa tangu uliponivisha wewe. Itazame, haina hata mkwaruzo!"

Mimi nilisubiri sifa. Yeye akaweka kikombe chini na chai yake, akatoka. Nikamfuata. Tulipita nyumba kwa nyumba, naye akisalimia tu na kuomba aonyeshwe. Kwa Mama Elieti bangili ilikuwa kabatini. Kwa Mama Naisha, ndani ya sanduku la vitenge. Kwa mjane wa katekista ilikuwa juu ya Biblia, imefunikwa kitambaa. Kila mmoja aliionyesha kwa fahari, na kila mara Nakijwa alizidi kupauka.

Tulimkuta mama yake anamenya viazi.

"Mama, yako iko wapi?"

"Ipo, mama yangu. Nimeifungia." Akaonyesha kabati lake, refu kuliko la mtu yeyote Mkanyeni, na ufunguo akautoa kwenye fundo la kanga kiunoni.

Nakijwa akakaa chini, sakafuni kabisa.

"Tumepima makabati," akasema. "Msimu mzima nimepima makabati. Mtambo umeambiwa watu wa Kiruru hawatembei, na ninyi mko mlimani kutwa."

"Sasa ubaya uko wapi?" mama yake akauliza. "Si tumepata Paa?"

Ndipo akatueleza habari ya vigingi. Tume ilikuwa imechomeka vigingi vya chuma kwenye udongo wa Kiruru, vinavyosikiliza ardhi. Tumechimba tangawizi pale miaka na miaka, miti tumemaliza, na udongo umelegea. Mlima ukianza kuteleza, vigingi vinaupa mnara habari, na mnara unatangaza. Lakini tangazo la Paa litalia kwenye ving'amuzi nyumbani, mahali pasipo na mtu. Mwenye jembe kule juu atalipata kwa Njia tu.

"Basi waambie Tume ukweli," nikasema.

"Nikiwaambia, majaribio yanafutwa. Mnara ambao majaribio yake yameharibika unazimwa mpaka yarudiwe, na hayarudiwi kabla masika hayajaisha. Shule itazimwa, na tahadhari itazimwa. Nikinyamaza na kuyawekea sahihi majibu haya, Paa unabaki, na ninyi mnabaki Kiruru bila sikio." Alikuwa anajifuta uso kwa viganja. "Nifanye nini, mama?"

Mama Nakijwa hakusita. "Weka sahihi. Watoto wana mtihani wa taifa, na maswali yanatoka ukutani. Kiruru nimelima tangu sijakuzaa, haijawahi kunidondokea."

*

Nakijwa hakuweka sahihi, wala hakusema ukweli. Alipanda mnarani na masanduku yake akafanya jambo la tatu, ambalo leseni za mifumo yote miwili zinalikataza. Alikata kipande cha wimbi la Paa, ndani yake akapitisha Njia. Ilikuwa kama kupenyeza mnong'ono katikati ya maneno ya yule msomaji wa haraka. Bangili zikapata uhai kutwa nzima. Lakini ukuta ndio uliolipa gharama yake. Picha ilifinyaa, herufi zikapungua na kuvimba kingo. Aliyekaa mbele alisoma. Aliyekaa nyuma aliona ukungu.

Na nyuma alikaa nani?

Nilikuwepo Mama Nakijwa alipotoka darasani kumtafuta mwanawe. Walikutana kwangu uani, wakaanza mbele yangu.

"Umeuharibu ukuta wangu."

"Nimeupunguza, mama. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Sogea benchi la mbele utaona."

"Mbele ni kwa watoto! Nimwondoe mtoto wa mtu mwenye mtihani, nikae mimi bibi? Na wale wa nyuma wenzangu watasogea wapi, juu ya meza?"

"Watabanana. Mtaona kwa shida, lakini mtaona mkiwa hai."

"Mtihani ukiisha, kata unavyotaka. Sasa hivi rudisha."

"Mvua haisubiri mtihani, mama. Nisikilize mara moja tu. Vaa bangili."

"Wewe ndiye wa kunisikiliza. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi sikukuchelea. Nilikuuzia tangawizi mpaka mgongo ukapinda ili usome, leo watoto wa wenzio unawafumba macho?"

Nilitamani niseme neno, lakini ugomvi wa mama na mwana ukiuingilia unatoka na lawama zote mbili. Nikaendelea kupepeta maharage yaliyokwisha kupepetwa.

"Sirudishi," akasema. "Nichukie tu. Sirudishi."

Mama yake akakaza fundo la kanga kiunoni. "Basi na mimi sivai. Ile bangili yako ilinde kabati."

Kuanzia hapo wakawa wanalala nyumba moja bila kusemeshana. Nakijwa alizunguka kijijini akituomba mmoja mmoja. Wengine walicheka, wengine walivaa kwa kumwonea huruma. Mimi niliivaa, ila niliifunga kwanza kwenye nailoni. Nashukuru Mungu, hata ndani ya nailoni sauti yake ilisikika.

*

Mvua ilinyesha mfululizo, kisha asubuhi moja ikakatika, jua likatoka, na sisi tukakimbilia shambani kuokoa tangawizi isioze. Mama Nakijwa alikuwa ng'ambo ya korongo, juu kidogo yangu. Alipita shuleni kwanza kama kawaida yake, wakamwambia hata watoto wa benchi la katikati wanalalamika macho. Alipanda mlima amenuna.

Nilikuwa nimeinama, bangili ikautetemesha mkono wote. Kisha sauti ya Nakijwa ikatoka mkononi mwangu, ile aliyoirekodi: "Kiruru, tokeni. Acheni vyote, elekeeni upande wa kanisa. Kiruru, tokeni." Ikarudia, ikarudia tena. Nikasikia bangili nyingine zikiita huko chini na huko juu, na wanawake wakianza kukimbia, wengine wakitupa hata majembe.

Ng'ambo ya korongo hakuna kilichoita.

Nilipiga yowe mpaka nikaona nyota. Korongo lilikuwa limejaa maji, linanguruma, sauti yangu ikaishia hapo hapo. Nikavua kanga nikaipunga juu ya kichwa kwa mikono miwili.

Sasa mjue, sisi wa Kiruru hatupigi kelele kusalimiana. Mtu akiwa ng'ambo unampungia kanga, naye anainua mkono, mmeshajuliana hali. Tumefanya hivyo tangu wasichana. Mama Nakijwa akanyooka, akaniona. Akainua mkono wake, akaushusha, akainama kuchimba.

Nikapunga tena. Hakutazama tena. Ana kazi, na salamu ameshajibu.

Mlima haukuanguka kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Ulisogea. Migomba ilitembea ikiwa imesimama wima. Kisha pale alipokuwa shoga yangu pakawa pekundu, na mimi nilikuwa bado nimeshika kanga juu.

*

Wanawake wote waliovaa walitoka, na wasiovaa wakawafuata. Yeye peke yake hakutoka.

Nilishuka kijijini sijui kwa miguu ya nani. Nilipofika kwa Mama Nakijwa nilimkuta Nakijwa amesimama mbele ya lile kabati. Ndani ya kioo, juu ya kitambaa, katikati ya vikombe vya wageni, bangili ilikuwa inaruka ruka na kusema kwa sauti ya Nakijwa mwenyewe: "Kiruru, tokeni. Acheni vyote."

"Ufunguo anao," akaniambia.

"Tuvunje kioo, mwanangu."

"Hapana! Kabati la mama usiliguse." Kisha akaniuliza, kama mtoto mdogo, "Mama mdogo, alikuwa ameivaa? Labda alichukua nyingine?"

Nilimkumbatia, tukalia pale pale, na ile sauti ikiendelea kutuamuru tukimbie. Bangili hainyamazi mpaka mnara utangaze kwamba hatari imekwisha, na wa kutangaza ni yeye. Watu walikuja kumwomba aizime, kelele zinatisha watoto. Alikataa. Alisema hatari haijaisha, mama bado yuko shambani.

Wanaume walichimba mpaka wakampata. Lile fundo la kanga lilikuwa bado kiunoni, limekaza kwa matope. Sisi wanawake ndio tuliomwosha, na ufunguo nikautoa mimi. Nakijwa alifungua kabati. Akaitoa bangili, akaivaa yeye. Kisha akapanda mnarani, na bangili za kijiji chote zikanyamaza kwa mara moja.

*

Siku ya mazishi kila mtu alitoa kilicho chema. Viatu vya kanisani, vitenge vya sandukuni, na bangili. Hata Mama Elieti aliyemcheka Nakijwa aliivaa yake, ameing'arisha. Hivyo ndivyo tulivyo. Kitu kizuri ni cha harusi na msiba. Tulipanda njia ya makaburini kwa mstari mmoja, na watoto wa shule nyuma yetu.

Tulikuwa tumemaliza kuweka udongo, bado tumekaa kwenye nyasi, kisanduku cha Nakijwa cha kuongea na Tume kikaita. Alikipokea pale pale, mbele ya wote. Ilikuwa sauti ya kijana wa Tume, mchangamfu, wala siwezi kumlaumu, hakujua.

"Injinia, hongereni Mkanyeni! Hatimaye bangili zenu zimetembea. Zote kwa pamoja, njia moja, mlimani kabisa, na mapokezi hayakukatika hata mara moja. Kwa takwimu hizi tunaweza kuwapa Njia leo leo, Paa tuufunge. Unaweka sahihi?" Kisha akauliza, "Kwani leo mnafanya nini huko?"

Nakijwa aliitazama bangili ya mama yake mkononi.

"Tunazika," akasema.

Nakijwa akageuka akawatazama watoto wa shule, kisha akaendelea polepole, kama anayesema na mtu mwenye mzigo kichwani.

"Sikiliza, kaka. Sahihi siweki, ya Paa wala ya Njia. Takwimu za kwanza zilikuwa za makabati na hizi za leo ni za msiba. Mnara wa Mkanyeni unatoa yote mawili, nimeuchanganya mimi mwenyewe, na leseni nimevunja. Waambie wakubwa. Anayetaka kuja kuuzima aje. Ila apite kwanza shuleni awaage watoto, halafu apite hapa."

Akakizima kisanduku. Mpaka leo hawajaja, lakini watakuja, na sote tunajua hivyo. Darasani watoto wamesogeza mabenchi karibu na ukuta, wanabanana, wanasoma. La mwisho wameliacha pale pale nyuma, hakuna anayelikalia.

Jioni ile nilirudi kwangu, nikavua nguo za msiba, nikakunja. Viatu nikavifuta, nikavirudisha kwenye boksi. Kisha, kwa mazoea tu, nikaivua bangili, nikaipangusa vumbi la makaburini, nikafungua kioo cha kabati. Mahali pake palikuwa wazi, kati ya birika na sahani za maua.

Nikasimama pale na bangili mkononi. Kisha nikaivaa tena, bila nailoni, nikafunga kabati.